Milioni Kumi Wale Ni Sisi

Josiah Mwangi Kariuki, ambaye nchi nzima ilimwita JM, alisema hataki Kenya ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Maneno hayo umeyasikia. Umeyasikia kwa kinyozi, umeyasikia kwenye matatu ya 125 iliyokwama Bomas, umeyaona kwenye mabango ya vijana. Aliyasema mwanzoni mwa miaka ya sabini, na Machi 1975 akauawa, mwili wake ukatupwa vichakani kwenye vilima vya Ngong. Vilima hivyo ni vyetu. Mtu wa Rongai anayetoka nje kukiwa kumepambazuka huviona upande wa magharibi kabla hata hajaona gari.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Sensa ya mwaka 1969 ilipata Wakenya wanaokaribia milioni 11. Ukiwaondoa mamilionea kumi, ombaomba milioni kumi wa JM walikuwa karibu kila mtu aliyebaki. Hakuwa akisema habari za watu wachache wanaokaa kwenye ngazi za daraja wakinyoosha mikono. Alikuwa akimwonya mwalimu, karani, mkulima wa ekari mbili, utingo na mchunga ng'ombe, kwamba nchi ikiendelea kugawanywa vile, wote watafikishwa mahali pamoja. Milioni kumi wale ni sisi.

Ndiyo maana nakuandikia wewe unayeamka saa kumi alfajiri kule Nkoroi ili ufike mjini saa mbili. Nakuandikia wewe wa Noonkopir unayeingia zamu ya usiku kiwandani Athi River. Wewe mama unayekata sukuma wiki Kware hadi saa tatu usiku, na wewe mzee wa Isinya uliyeuza shamba kipande kwa kipande, karo kwa karo, hadi ua ukafika mlangoni. Maneno ya JM tumeyabeba ulimini kwa zaidi ya miaka hamsini. Umefika wakati tuyabebe kwa miguu yetu, hadi ofisini na ukumbini, mahali ambapo mgao wa nchi hii unaamuliwa.

Na kwanza tumjue mwenyewe vizuri, kwa sababu mtu akigeuzwa bango husahaulika.

JM alizaliwa mwaka 1929 katika Bonde la Ufa, kwenye mashamba ya walowezi, mtoto wa watu walioishi juu ya ardhi isiyo yao. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilimkamata, na hadi mwaka 1960 alikuwa akihamishwa kutoka kambi moja ya kizuizini hadi nyingine. Huko ndani alijifunza silaha ambayo wengi wetu tunaidharau: barua. Aliandika malalamiko, yakatoroshwa nje ya kambi, akayaelekeza kwa wakubwa wenye uwezo wa kuuliza maswali. Alipigwa kwa ajili ya barua hizo na akaendelea kuziandika. Mwaka 1963 alichapisha kitabu kuhusu maisha hayo ya kizuizini, mwaka uleule tuliopata uhuru. Alikuwa katibu wa Jomo Kenyatta, akaongoza Huduma ya Vijana kwa Taifa, akawa mbunge, akawa waziri msaidizi.

Wapo wanaosema: lakini JM mwenyewe alikuwa tajiri! Ndiyo, alikuwa na mali. Alikuwa na shamba Gilgil, na alipenda farasi wa mbio. Silifichi jambo hilo, na kwangu linayaongezea maneno yake uzito. Alikuwa tayari ameketi mezani. Angeweza kula akanyamaza kama wenzake wengi walivyonyamaza, na leo angekuwa jina la barabara fulani tulivu ambalo hakuna anayelijali. Akachagua kusimama na kusema kwamba ardhi iliyopiganiwa na wengi imeishia mikononi mwa wachache, na kwamba uhuru wa aina hiyo haukuwa ule walioapia msituni.

Serikali ikafunga njia. Ulipofika uchaguzi wa mwaka 1974, JM alinyimwa nafasi ya kufanya mikutano ya hadhara. Fikiria mgombea asiyeruhusiwa kuonekana jukwaani. Watu wa Nyandarua Kaskazini wakamchagua vilevile, na kwa wingi. Mikutano ilizimwa, kura hazikuzimwa. Shikilia jambo hilo akilini, tutalihitaji.

Tarehe 2 Machi 1975 alionekana kwa mara ya mwisho akitoka hoteli ya Hilton, Nairobi, akiwa na maafisa wa polisi. Kesho yake mchunga ng'ombe wa Kimaasai akaukuta mwili wake Ngong, umeharibiwa na kuchomwa. Mtu yule angeweza kugeuza ng'ombe wake na kwenda zake. Mambo ya wakubwa yana hatari yake. Akatoa habari. Bila yeye, huenda fisi wangemaliza kazi, na sisi tungekuwa na uvumi badala ya ukweli. Mwili ukalala mochari ya jiji bila jina kwa siku kadhaa huku gazeti likiandika kwamba JM yuko Zambia, hadi familia yake ilipomtambua tarehe 11 Machi.

Bunge likaunda kamati ya uchunguzi chini ya Elijah Mwangale. Ripoti ilipofika bungeni Juni 1975, serikali haikutaka ipitishwe. Na hapa, mtu wa Kajiado, inua kichwa. John Keen alikuwa mbunge wetu wa Kajiado Kaskazini na waziri msaidizi. Sheria ya kazi yake ilikuwa rahisi: ukila na serikali, unapiga kura na serikali. Keen akapiga kura upande wa ripoti. Wakasimama vilevile Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, na Peter Kibisu. Ripoti ikapita. Wote watatu wakafutwa kazi.

Keen alikuwa Mmaasai kwa mama na Mjerumani kwa baba. JM alikuwa Mkikuyu. Muliro na Kibisu walikuwa Waluhya. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwanza aliyeuawa ni wa kwa nani. Nikisikia mtu akisema siasa ya Kenya haiwezi kuvuka kabila, namrudisha kwenye kura ile, iliyopigwa na mtu wa eneo bunge hilihili ambalo leo linaibeba Rongai.

Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji yale. Hilo linauma, na lazima liendelee kuuma.

Lakini Kajiado haikungoja JM ifundishwe kudai haki. Ardhi hii tunayoipima kwa futi hamsini kwa mia ina historia ambayo mpangaji wa Rongai anapaswa kuijua kama anavyoijua namba ya mita yake ya stima. Mwaka 1904 Waingereza waliingia mkataba na viongozi wa Wamaasai, wakawaondoa kwenye malisho bora ya Bonde la Ufa na kuwagawa: hifadhi moja Laikipia, nyingine huku kusini. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawafukuza hata Laikipia, wakaswagwa na ng'ombe wao kuja kusini. Parsaloi ole Gilisho, ambaye Waingereza walizoea kumwita Legalishu, alipinga uhamisho huo, na mwaka 1913 Wamaasai wakaenda mahakamani dhidi ya dola kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Walikodi mawakili. Walifuata utaratibu. Mahakama ikasema mkataba ule ulikuwa jambo la kati ya mataifa mawili, haina mamlaka nalo. Wakashindwa.

Walishindwa, ndiyo. Lakini hebu pima ujasiri wa watu ambao hawakuwa na kura, hawakuwa na mbunge, hawakuwa na gazeti, wakaona bado inafaa kusimama mbele ya hakimu na kusema: mmetudhulumu, jibuni. Sisi tuna kura, tuna katiba, tuna simu mfukoni. Ni nini hasa kinachotukalisha?

Nitakuvusha bahari kidogo, kwa sababu kuna hotuba nyingine ambayo dunia nzima inaijua na karibu dunia nzima imeikumbuka nusu. Tarehe 28 Agosti 1963 Martin Luther King alisimama Washington mbele ya watu wapatao 250,000. Tunakumbuka ndoto yake. Tunasahau kwamba mkusanyiko ule uliitwa Maandamano ya Kazi na Uhuru, na kazi ndiyo iliyotangulia. Tunasahau kwamba kabla ya kufika kwenye ndoto, King alizungumzia deni: Marekani iliwapa watu weusi hundi, wakaipeleka benki, ikarudishwa kwa kukosa pesa. King naye alikuwa akiuliza swali la JM, juu ya nani anakula na nani anatazama.

Wala hatukuwa mbali na mambo hayo. Mwanasiasa wetu Tom Mboya alizungumza Washington mwaka 1959 kwenye maandamano ya vijana waliodai shule zisizobagua rangi, na King alikuwa hapo. Mwaka uleule King akasaidia kutafuta pesa za mwanafunzi Mkenya aliyekwenda kusoma Tuskegee, Alabama. Walijua kwamba vita ni vilevile.

Ila ninachotaka ukione ni kilichotangulia hotuba ile. Desemba 1955, mjini Montgomery, Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi. Watu weusi wa mji ule wakayasusia mabasi. Siku 381! Yaya, fundi, mpishi, mfagiaji, watu ambao wasipofika kazini hawali, walitembea kwa miguu mvua na jua. Wenye magari waliandikishwa, vituo vya kuchukuliana vikapangwa, petroli ikachangiwa makanisani usiku. Mtu wa Rongai haelezwi maana ya hayo. Wewe ambaye umewahi kushuka Galleria siku nauli imepanda maradufu ukaanza kutembea na viatu mkononi, unayajua kwa magoti yako. Fikiria kuyafanya kwa zaidi ya mwaka, kwa hiari, kwa kupangana, hadi sheria ibadilike.

Na siku yenyewe ya Washington, kulikuwa na mtu aliyeitwa Bayard Rustin ambaye wengi hawamjui. Yeye ndiye aliyehesabu mabasi, akapanga maji ya kunywa, vyoo, huduma ya kwanza na chakula cha mchana cha maelfu ya watu. Bila daftari la Rustin, King angezungumza na nyasi. Julai 1964 ikapatikana Sheria ya Haki za Kiraia, Agosti 1965 Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Zilipatikana kwa sababu nyuma ya mdomo mmoja kulikuwa na madaftari mengi, na madaftari hayo yalishikwa na watu ambao majina yao hatutayajua kamwe.

Kenya imekuwa na midomo mikubwa. Nadhani tumepungukiwa na madaftari.

Chukua Katiba yetu, iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya afya, ya makazi yanayofaa na usafi wa kuridhisha, ya kutokuwa na njaa, ya maji safi na salama ya kutosha, ya hifadhi ya jamii na ya elimu. Siwezi kusoma orodha hiyo nisimsikie JM. Mambo ambayo yeye aliyadai kwa sauti na kuyalipia kwa uhai wake, sasa yameandikwa katika sheria kuu ya nchi. Hatuyaombi tena. Kilichoandikwa pale ni deni, na mdai ni wewe.

Sasa geuka utazame mji wako. Mwaka 1969, wakati wa sensa ile ya enzi za JM, Kajiado nzima haikufikisha watu 90,000. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya 1,100,000. Ongata Rongai peke yake ilikuwa na zaidi ya 170,000, Kitengela zaidi ya 150,000. Miji hii imejengwa ploti kwa ploti, na watu binafsi, kwa mikopo ya sacco na jasho. Ghorofa limeinuka, barabara ya kulifikia ni vumbi Januari na tope Aprili. Maji yanakuja kwa boza, na asiyemudu boza ananunua kwa mtungi, na wa mtungi ndiye analipa ghali zaidi kwa kila lita. Hebu rudia hapo: maskini analipa maji ghali kuliko aliye na tangi. Hiyo ndiyo Kenya aliyoikataa JM, iko mlangoni pako, na inapita kila siku ikipiga honi.

Ukiwauliza watu kwa nini hawajitokezi kudai, jibu hutoka haraka: «Mimi hapa ni mpangaji tu. Kwetu ni Kisii.» Kwetu ni Murang'a. Kwetu ni Machakos, Siaya, Vihiga. Nairobi wanatutania kwamba Rongai ni ughaibuni, na nahofia tumeukubali utani huo ukatuingia damuni. Tunalala hapa, tunazaa hapa, watoto wanasoma hapa, tunaugua hapa, kodi ya nyumba na ya bidhaa tunalipa hapa. Ikifika mwaka wa uchaguzi tunapanda basi na kwenda kumchagulia mtu mwingine diwani, mahali ambapo tutalala siku mbili Krismasi. Halafu tunarudi na kumlaumu mwakilishi wa wadi ambaye hatukumpigia kura, hatumjui jina, naye anajua vizuri kwamba hatumjui.

Ndugu yangu, dada yangu, hapa ndipo tunapojifanya ombaomba kwa mikono yetu wenyewe. Kuheshimu kwenu si lazima kukunyime sauti mahali unapokunywa maji. Na mpangaji anayechukua wajibu hapa hamnyang'anyi Mmaasai chochote. Akisimama naye anamwongezea nguvu, kwa maana mwenyeji wa Tuala anataka maji yaleyale, anataka zahanati ileile yenye dawa, na anataka mto usiotiririka majitaka ya maghorofa yetu hadi kwa ng'ombe wake. Kilio chake cha ardhi kina zaidi ya miaka mia moja. Tukikaa naye kikao kimoja, tutakijua, na tutaona tunadai kwa mlango mmoja.

Juni 2024 vijana walionyesha kwamba wanaweza. Muswada wa Fedha uliwatoa nje nchi nzima, Rongai na Kitengela zikiwemo, bila chifu wa kabila, bila mfadhili, bila jukwaa. Waliusoma muswada wenyewe, wakautafsiri kwa lugha zao, wakaufafanua kwa video za dakika moja. Tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hatautia saini. Gharama ilikuwa damu. Hapa Rongai mtoto wa miaka 12 aliuawa kwa risasi. Agosti mwaka huo wanaharakati watatu walichukuliwa Kitengela na watu wasiojitambulisha, wakaonekana tena baada ya takriban mwezi mmoja. Siandiki haya kukutisha. Naandika ili mtu asikwambie kwamba ujasiri uliisha na kizazi cha JM. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi, kwa amani na bila silaha, na atakayekupiga kwa hilo ndiye mvunja sheria.

Ila niseme kwa upendo wote: kusoma muswada mmoja kwa mwaka hakutoshi. Vijana walewale walioupasua Muswada wa Fedha ukurasa kwa ukurasa, wangapi wamefungua bajeti ya Kaunti ya Kajiado? Huko ndiko yaliko maji yako, taa ya mtaani, kalvati, zahanati na chekechea. Na tofauti na mambo ya Nairobi, hayo yanaamuliwa na watu ambao unaweza kuwakuta sokoni.

Toa simu uandike tarehe. Kufikia tarehe 1 Septemba kila mwaka, kaunti lazima iwe imewasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata wa fedha. Hapo ndipo mradi huzaliwa au hufa, na hapo ndipo ukumbi huwa mtupu. Kufikia tarehe 28 Februari inatakiwa taarifa ya mkakati wa fedha, inayogawa pesa kwa idara: maji kiasi gani, barabara kiasi gani, afya kiasi gani. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti yanafika mbele ya bunge la kaunti. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Kati ya tarehe hizo kaunti inabanwa na sheria kuwashirikisha wananchi. Vikao vinafanyika. Mara nyingi tangazo hubandikwa kimya kimya, wanakuja watu ishirini, kumi na watano wakiwa wameletwa, chai inanywewa, sahihi zinawekwa, na ripoti inaandika kwamba wananchi walikubali. Wananchi ni wewe. Ulikubali lini?

Najua la kwanza utakaloniambia: wameshapanga, tunaenda kupigwa picha tu. Mara nyingine ni kweli. Basi nenda ukiwa umejipanga kuliko wao. Usiende na hasira peke yake, nenda na ukurasa. Uliza: mradi wa maji wa wadi yangu uko ukurasa gani? Mwaka jana ulitengewa ngapi? Zilitumika ngapi, na alilipwa nani? Wakisema hawana majibu hapo, Kifungu cha 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinakuruhusu kuandika barua na kudai, nao wana siku 21 za kukujibu. Barua! Ileile silaha ya JM kambini. Yeye aliiandika akijua atachapwa. Wewe utaiandika ukiwa umeketi kibandani unangoja chapati.

La pili utakalosema ni muda. Unaondoka gizani unarudi gizani, Jumamosi unafua, Jumapili kanisani au kupumzika kidogo. Hili nalichukua kwa uzito, kwa sababu uchovu ni ukuta wa kweli. Ndiyo sababu sikwambii uanzishe chama kipya. Tayari unacho. Rongai na Kitengela zimejaa chama za akina mama, sacco za bodaboda na matatu, jumuiya ndogo ndogo, vikundi vya maombi, kamati za ploti zilizoundwa kwa ajili ya geti na soja. Watu wa Montgomery walitumia makanisa waliyokuwa nayo. Kwenye kikao chenu kijacho, baada ya kuhesabu michango na kabla ya kuamua zamu ni ya nani, ongezeni jambo moja tu: bajeti ya wadi yetu. Mchagueni mmoja aisome, mmoja aandike barua, mmoja afuatilie tarehe za vikao. Kikao kikiitwa siku ya kazi saa nne asubuhi, nendeni wawili kwa niaba ya kumi, na wanane wachangie nauli na fidia ya siku iliyopotea. Mkitoka, toeni ripoti kwenye kundi lenu la WhatsApp, kwa jina la mradi na kiasi cha pesa. Mwezi unaofuata waende wengine wawili.

Wale walioalikwa kwa chai wataona sura mpya. Afisa atakayeulizwa swali lilelile na watu wa chama tatu tofauti kwa miezi mitatu atajua kuna macho. Mwakilishi wa wadi atawatafuta yeye mwenyewe, maana hakuna kitu mwanasiasa anakisikia upesi kama watu waliojipanga ambao bado hajawanunua. Na siku akija na bahasha, fungueni daftari mbele yake, mwonyesheni ukurasa, mwambieni ile pesa tunayotaka ni hii hapa, iko kwenye bajeti, na ni yetu.

Wewe kijana uliyesoma, uliyemaliza chuo na bado unatafuta kazi, usingoje kuitwa. Una kitu ambacho mama wa Kware hana: unaweza kulikalia lile faili la kurasa mia tatu na kulifinya liwe ukurasa mmoja wa Kiswahili anaoweza kuusoma akiwa anamenya vitunguu. Uchapishe, ubandike kwa kinyozi, kwa mpesa, mlangoni mwa posho mill. Toa na tafsiri ya Kimaa ukipata wa kukusaidia, ifike Isinya na Kiserian kwa wazee. Kazi hiyo haitakupa mshahara kesho. Itakupa kujulikana na jirani zako kama mtu wa maana, na katika mji ambao watu wanapanga miaka kumi bila kujua jina la mlango wa pili, huo ni mwanzo mkubwa.

Halafu kura. Nilikuomba ushikilie habari ya Nyandarua Kaskazini, mwaka 1974: mgombea amefungwa mdomo, watu wakajaza masanduku. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kajiado ina wadi 25, na katika wadi nyingi za mijini mwakilishi huingia kwa kura ambazo ni chache ukilinganisha na watu wanaolala pale. Mtaa mmoja wa Rongai ukijiandikisha hapa badala ya kwao, unatosha kumweka au kumwondoa mtu. Sizungumzii chama cha siasa. Chagua umpendaye, ila mchague mahali ambapo akikosea utamkuta.

Kuhamisha kura ni bure na ni haki yako. Nenda ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge lako, Kajiado Kaskazini kama uko Rongai, Kajiado Mashariki kama uko Kitengela, ukiwa na kitambulisho chako halisi, uwaambie unataka kupigia kura unapoishi. Fanya hivyo mapema, kabla msongamano wa mwisho haujaanza na kabla daftari halijafungwa. Ukitoka pale mlangoni, mpigie simu mwenzako mmoja wa chama, muulize yeye anaenda lini, na kama hana nauli, mtumie.